Maswali ya Wasomaji: Takwimu kwa Anayeanza

Barua nyingi zilizoifikia safu hii zimeandikwa na watu wanaosoma takwimu kwa mara ya kwanza, na malalamiko yao yanakaribiana sana: kanuni wanazijua, namba wanaweza kuziweka mahali pake na jibu linapatikana, lakini hawana uhakika jibu hilo linasema nini. Nimechagua maswali yaliyoulizwa na wengi. Katika kila moja nitaanza na kile ambacho istilahi inajaribu kupima kabla ya kugusa kanuni yake, kwa sababu mwanafunzi anayelijua swali lililoizaa kanuni hahangaiki sana kuikumbuka.

SWALI: Tumefundishwa wastani, mediani na modi katika kipindi kimoja, na mtihani ukazitaka zote tatu kwa data zilezile. Kama zote zinatafuta katikati, kwa nini tusichague moja tu tukaachana na nyingine? (Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni)

JIBU: Zote tatu zinatafuta thamani moja ya kuziwakilisha nyingi, lakini kila moja inajibu swali lake. Tuchukue dakika ambazo watu watano walisubiri kabla ya kuhudumiwa: 4, 5, 5, 6 na 30. Jumla yake ni 50, kwa hiyo wastani ni dakika 10. Mediani, yaani thamani inayokaa katikati baada ya data kupangwa kutoka ndogo hadi kubwa, ni 5. Modi, yaani thamani inayojirudia mara nyingi kuliko nyingine, nayo ni 5.

Angalia sasa kwamba hakuna hata mtu mmoja aliyesubiri muda unaokaribia dakika 10. Wanne walisubiri chini sana ya hapo, na mmoja alisubiri mara tatu yake. Wastani haujakosea kwa hilo, kwani wenyewe umejibu swali hili: kama dakika zote 50 zingegawanywa sawasawa kwa watu watano, kila mmoja angepata ngapi? Anayepanga idadi ya wahudumu anahitaji jumla ya muda, na wastani unamfaa kwa kuwa umetokana na jumla hiyo. Anayetaka kujua mtu wa kawaida anakaa muda gani atafaidika zaidi na mediani, kwa sababu nusu ya watu wako chini yake au sawa nayo, na nusu nyingine wako juu yake au sawa nayo.

Jaribu kubadilisha ile 30 iwe 300. Wastani unaruka kutoka 10 hadi 64, ilhali mediani inabaki palepale kwenye 5. Hii ndiyo sababu taarifa za kipato katika nchi nyingi hutolewa kwa mediani, maana watu wachache wenye kipato kikubwa mno wanatosha kuuvuta wastani mpaka mahali ambapo wananchi wengi hawapo. Kama idadi ya data ni shufwa, hakuna moja iliyo katikati, kwa hiyo huchukuliwa zile mbili za katikati na kutafutiwa wastani wake.

Modi hudharauliwa na wanafunzi, na kwa data za namba mara nyingi haina mengi ya kusema. Lakini ndiyo pekee kati ya hizi tatu inayofaa pale data zinapokuwa majina ya makundi tu. Makundi ya damu hayana wastani wala mediani, ila lipo kundi lenye watu wengi kuliko mengine. Ushauri wangu ni kwamba ukiwa na data za namba, usitaje wastani bila kuitazama mediani, kwa kuwa zikiachana sana zimekwisha kukuambia kwamba data zimeelemea upande mmoja.

SWALI: Katika dodoso langu wahojiwa walijibu kwa namba kuanzia 1, yaani "sikubali kabisa", mpaka 5, yaani "nakubali kabisa". Msimamizi mmoja ananiruhusu kutafuta wastani na mwingine ananikataza. Nimsikilize yupi?

JIBU: Mwanasaikolojia wa Marekani aliyeitwa Stanley Smith Stevens aliandika mwaka 1946 kwamba vipimo viko vya ngazi nne, na mgawanyo wake bado unafundishwa. Kuna namba ambazo ni majina tu, kama zile za migongoni mwa wachezaji. Kuna namba zinazoonyesha mpangilio, yaani nani yuko juu ya nani, bila kusema amemzidi kwa kiasi gani. Kuna zile ambazo tofauti baina yake zina ukubwa unaolingana lakini sifuri yake imewekwa kwa makubaliano, kama nyuzi za Selsiasi. Ndiyo maana nyuzi 20 si joto mara mbili ya nyuzi 10. Na kuna zile zenye sifuri ya kweli, kama urefu na uzito.

Majibu ya dodoso lako ni ya ngazi ya pili. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba umbali kati ya "sikubali kabisa" na "sikubali" unalingana na umbali kati ya "nakubali" na "nakubali kabisa", na wastani huyachukulia mambo hayo kana kwamba yanalingana. Kwa swali moja moja, taja mediani pamoja na asilimia ya waliochagua kila jibu. Watafiti wengi hujumlisha majibu ya maswali kadhaa yanayopima jambo moja, kisha hutafuta wastani wa jumla hiyo, na hilo lina watetezi wenye hoja nzuri. Wasimamizi wako huenda wanazungumzia mambo hayo mawili tofauti, basi waulize kwanza kama wanasemea swali moja au jumla ya maswali.

SWALI: Ninafundisha madarasa mawili, na wastani wa yote mawili ni alama 50. Nimeelezwa kwamba nitafute mkengeuko sanifu ili niyatofautishe. Naomba nielezwe kwa nini tofauti zinapigwa kipeo cha pili halafu tunarudi kutafuta kipeuo chake, mbona tunazunguka? Na kwa nini programu ya kompyuta ninayoitumia inanipa majibu mawili tofauti kwa data zilezile?

JIBU: Mwalimu, swali lako lina sehemu tatu na zote ni za msingi, kwa hiyo tutalifanyia kazi polepole.

Tuseme darasa la kwanza lina alama 48, 49, 50, 51 na 52, na la pili lina 10, 30, 50, 70 na 90. Wastani wa kila darasa ni 50, na mediani pia ni 50, ilhali kila mwalimu anaona kwamba hayo ni madarasa yasiyofundishwa kwa namna moja. Kinachokosekana ni kipimo cha mtawanyiko: kwa kawaida, alama ziko umbali gani kutoka kwenye wastani?

Njia inayokuja akilini kwanza ni kutafuta tofauti ya kila alama na wastani, kisha kutafuta wastani wa tofauti hizo. Katika darasa la kwanza tofauti ni -2, -1, 0, 1 na 2. Ukizijumlisha unapata sifuri, na utapata sifuri kwa data zozote zile duniani, kwa sababu wastani ndio hasa mahali ambapo zilizo juu na zilizo chini zinamalizana. Kwa hiyo ni lazima alama za hasi ziondolewe kwa njia fulani. Kuzipiga tofauti kipeo cha pili ni njia mojawapo, na kwa darasa la kwanza tunapata 4, 1, 0, 1 na 4, ambazo jumla yake ni 10. Tukigawanya kwa 5 tunapata 2, na hiyo ndiyo varianzi. Varianzi hiyo, hata hivyo, iko katika alama zilizopigwa kipeo cha pili, na hakuna mtu anayefikiri kwa kipimo hicho, basi tunatafuta kipeuo cha pili ili turudi kwenye alama za kawaida: takriban 1.4. Kwa darasa la pili jumla ya vipeo ni 4,000, varianzi ni 800, na mkengeuko sanifu ni takriban 28.3. Wastani uleule, lakini mtawanyiko wa darasa moja ni mara 20 ya mwenzake.

Utauliza kwa nini tusiziondoe alama za hasi kwa kuzipuuza tu, tukapata wastani wa umbali wenyewe. Inawezekana, na kipimo hicho kipo na kinatumika. Kipeo cha pili kimependelewa kwa sababu mbili zenye uzito. Kwanza, wastani ni ile namba ambayo ukipimia tofauti kutoka kwake, jumla ya vipeo vyake inakuwa ndogo kuliko ukipimia kutoka namba nyingine yoyote. Wastani na kipeo cha pili vinaendana kwa asili. (Mediani nayo ina uhusiano wa namna hiyo na umbali usiopigwa kipeo.) Pili, ukijumlisha vitu viwili ambavyo havitegemeani, varianzi zake hujumlika moja kwa moja, jambo ambalo wastani wa umbali haulifanyi. Sehemu kubwa ya takwimu za juu imejengwa juu ya sifa hiyo ya pili. Jina la mkengeuko sanifu katika Kiingereza, "standard deviation", lilianza kutumiwa na mwanatakwimu Karl Pearson katika miaka ya 1890.

Sasa yale majibu mawili ya kompyuta. Moja limegawanya kwa idadi ya data, yaani 5, na jingine limegawanya kwa idadi hiyo ukitoa moja, yaani 4. Kwa darasa la kwanza utaona 1.41 au 1.58. Kama wanafunzi watano ndio darasa zima na huna nia ya kumsemea mtu mwingine, gawanya kwa 5. Kama watano hao ni sampuli, na unachotaka ni kukadiria mtawanyiko wa kundi kubwa walimotoka, gawanya kwa 4.

Sababu ya kutoa moja iko katika sifa niliyoitaja hapo juu. Wastani wa kundi zima huujui, umeutumia wastani wa sampuli yenyewe, na huo ndio unaoifanya jumla ya vipeo iwe ndogo kuliko zote zinazowezekana. Tuseme wastani wa kweli wa kundi zima ni 53. Ukipimia alama zilezile za darasa la kwanza kutoka 53, tofauti ni 5, 4, 3, 2 na 1, na jumla ya vipeo vyake ni 55, si 10. Sampuli inapojipima kwa wastani wake yenyewe hujiona imekusanyika kuliko ilivyo kweli, na kugawanya kwa namba iliyopungua kwa moja ndiko kunakoisahihisha varianzi. Sampuli ikiwa na watu 1,000 marekebisho hayo hayaonekani, lakini ikiwa na watano, kama ulivyoona, yanaonekana wazi.

Neno moja la tahadhari. Vitabu husema kwamba asilimia 68 ya data huwa ndani ya mkengeuko sanifu mmoja kutoka kwenye wastani, na asilimia 95 ndani ya miwili. Hiyo ni sifa ya mtawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele, nayo si sheria ya kila data. Kinachohakikishwa kwa data za umbo lolote ni kidogo zaidi, nacho kilithibitishwa na Mrusi Pafnuty Chebyshev katika karne ya 19: angalau asilimia 75 zitakuwa ndani ya mikengeuko miwili. Chora histogramu, yaani mchoro wa nguzo unaoonyesha data ngapi ziko katika kila kundi la thamani, kabla ya kuitumia ile 95.

SWALI: Riba imepanda kutoka asilimia 4 hadi asilimia 6. Mtangazaji mmoja alisema imepanda kwa asilimia 2, mwingine akasema imepanda kwa asilimia 50. Nani amekosea?

JIBU: Aliyesema asilimia 50 yuko sahihi, kwa sababu 2 ni nusu ya 4 tuliyoanzia. Aliyesema asilimia 2 alikusudia pointi 2 za asilimia, na alipaswa kulitamka neno "pointi". Unapolinganisha asilimia mbili kwa kutoa moja katika nyingine, jibu ni pointi. Unapogawanya tofauti hiyo kwa ile ya mwanzo, jibu ni asilimia.

SWALI: Kila mara tunasoma kwamba kura ya maoni imewahoji watu wapatao 1,000, kisha matokeo yanatangazwa kuwa ni maoni ya nchi yenye mamilioni. Mimi sijawahi kuhojiwa, wala simjui aliyehojiwa. Inawezekanaje?

JIBU: Kuna mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa hapa: sampuli imechaguliwa kwa njia gani, na ina ukubwa gani. Watu wengi huuliza la pili tu, ilhali la kwanza ndilo lenye hatari zaidi.

Mfano mashuhuri ni wa uchaguzi wa rais wa Marekani wa mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilituma karatasi za maoni zipatazo milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, na kwa wingi huo likatabiri kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda kwa takriban asilimia 61 ya kura na akachukua majimbo 46 kati ya 48. George Gallup, mpima maoni aliyetumia sampuli ndogo mno ikilinganishwa na ile, alimtaja mshindi kwa usahihi. Jarida lilikuwa limeyapata majina kutoka katika orodha kama zile za wenye simu na wenye magari, na wakati ule wa mdororo mkubwa wa uchumi hao walikuwa watu wenye nafuu kuliko wapiga kura wengi. Zaidi ya hayo, waliorudisha karatasi walikuwa takriban robo tu ya waliotumiwa, na mtu anayechukua taabu ya kujibu mara nyingi ana msimamo tofauti na anayenyamaza. Makosa ya namna hii huitwa upendeleo, na hayapungui kwa kuongeza idadi ya wahojiwa. Ukiongeza majibu kutoka orodha ileile iliyopinda, unazidi kuwa na uhakika wa jibu lisilo sahihi.

Dawa yake ni sampuli nasibu, ambayo kila mtu katika kundi zima ana nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, na anayechagua ni bahati, si mhoji wala mhojiwa. Hilo likitimizwa, hesabu za uwezekano zinatuwezesha kusema jibu linaweza kuwa mbali kiasi gani na ukweli. Kwa maswali ya ndiyo au hapana, kiwango cha makosa kinakadiriwa kwa kugawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya wahojiwa. Kwa watu 100 unapata pointi 10 za asilimia juu au chini, kwa 400 pointi 5, kwa 1,000 takriban pointi 3, na kwa 10,000 pointi 1. Ili kupunguza makosa kwa nusu, wahojiwa ni lazima waongezwe mara nne, na ndiyo sababu wengi huishia karibu na 1,000: kutoka hapo gharama hupanda upesi kuliko faida.

Kitu kinachowashangaza wengi katika hesabu hiyo ni kwamba ukubwa wa nchi haumo. Maadamu sampuli ni sehemu ndogo ya kundi zima, watu 1,000 waliochaguliwa kwa nasibu wanatoa usahihi uleule kwa nchi ya watu milioni 5 na kwa nchi ya watu milioni 200.

Kiwango hicho cha makosa huambatana na maneno "kwa uhakika wa asilimia 95", ambayo hueleweka vibaya hata na watu waliosoma. Hayasemi kwamba matokeo haya unayoyasoma leo yana uwezekano wa asilimia 95 wa kuwa kweli. Yanasema kwamba kama uchunguzi ungerudiwa mara nyingi kwa njia ileile, kila mara kwa sampuli mpya, basi katika takriban 95 ya kila mara 100 masafa yatakayopatikana, yaani eneo lote kuanzia jibu ukitoa kiwango cha makosa hadi jibu ukijumlisha kiwango hicho, yangeibeba ndani yake thamani halisi ya kundi zima. Uhakika ni sifa ya njia iliyotumika, na mwanatakwimu Jerzy Neyman, aliyeiweka nadharia hiyo wazi mwaka 1937, alilisisitiza hilo. Tena kiwango hicho huhesabu makosa yatokanayo na bahati ya uchaguzi peke yake. Swali lililoulizwa kwa maneno ya kumwelekeza mhojiwa, au watu waliokataa kujibu, hawamo katika zile pointi 3.

SWALI: Nina wagonjwa 8 tu katika utafiti wangu. Je, takwimu hazinihusu?

JIBU: Zinakuhusu, ila utalipia uchache huo kwa masafa mapana zaidi. William Gosset, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, alikuwa na tatizo kama lako, na mwaka 1908 alichapisha suluhisho kwa jina la kujificha la "Student". Palipo na sampuli kubwa, masafa ya uhakika wa asilimia 95 kwa wastani hupatikana kwa kuzidisha makosa sanifu, yaani mkengeuko sanifu uliogawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya data, kwa takriban 1.96. Kwa data 8, jedwali la Gosset linakutaka uzidishe kwa 2.365. Data zako, hata hivyo, zisiwe zimeelemea upande mmoja kupita kiasi, na kwa watu 8 ni vigumu kulitambua hilo, kwa hiyo zionyeshe zote nane katika ripoti yako, nafasi inatosha.

SWALI: Programu imenipa thamani ya p ya 0.04. Mwenzangu anasema nimethibitisha nadharia tete yangu, yaani dai ninalolipima, kwa kuwa uwezekano wa kukosea ni asilimia 4 tu. Niandike hivyo?

JIBU: Usiandike hivyo, tafadhali. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi katika tasnifu, na linastahili mfano kamili.

Una sarafu, na unashuku kwamba imepinda. Unairusha mara 20 na inaangukia upande wa kichwa mara 15. Utaratibu wa takwimu unaanza kwa kudhani kinyume cha unachoshuku: tuseme sarafu ni nzima, kichwa na mkia vina nafasi sawa. Chini ya dhana hiyo tunauliza: kuna uwezekano gani wa kupata matokeo yaliyo mbali na 10 kwa kiasi hiki au zaidi? Njia zote za kuanguka kwa sarafu mara 20 ni 1,048,576. Njia zinazotoa vichwa 15 au zaidi ni 21,700, na zinazotoa mikia 15 au zaidi ni 21,700 vilevile. Ukijumlisha na kugawanya unapata takriban 0.041, na hiyo ndiyo thamani ya p.

Tazama kwamba namba hiyo imekokotolewa kwa kudhani sarafu ni nzima. Haiwezi kwa hiyo kuwa uwezekano wa sarafu kuwa nzima, kwa sababu jambo hilo lilichukuliwa kuwa kweli tangu mwanzo wa hesabu. Inakuambia data zako ni za ajabu kiasi gani iwapo dhana ya kuanzia ni sahihi, basi. Ukiwapa watu 100 sarafu nzima na kila mmoja akairusha mara 20, tazamia kwamba takriban wanne kati yao watapata matokeo kama yako, na hakuna sarafu hata moja iliyopinda. Mtafiti anayejaribu mambo 100 na kutangaza yale manne tu yaliyopita, huku akiyanyamazia 96, amefanya jambo hilohilo.

Kwa mazoea, matokeo huhesabiwa kuwa yamepita pale p inapokuwa chini ya 0.05, lakini mpaka huo wa 0.05 haukushuka kutoka popote. Mwanatakwimu Ronald Fisher aliupendekeza katika kitabu chake cha mwaka 1925 kwa kuwa unafaa kwa matumizi, na baadaye majarida yakaugeuza lango. Mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko rasmi kwamba thamani ya p haipimi uwezekano wa nadharia tete kuwa kweli, wala haipimi ukubwa au umuhimu wa tofauti iliyopatikana. Hili la mwisho lishikilie sana: ukiwa na watu laki moja, hata tofauti ndogo isiyomfaa mtu yeyote itatoa p ndogo.

Andika basi hivi: kama kusingekuwa na tofauti yoyote, matokeo yaliyo mbali kiasi hiki au zaidi yangetokea kwa takriban asilimia 4. Kisha taja tofauti yenyewe ni ya ukubwa gani na masafa yake ya uhakika. Msomaji wako atafaidika zaidi na hayo mawili kuliko na p peke yake.

SWALI: Tunaambiwa daima kwamba uhusiano wa data si ushahidi wa sababu. Kama ndivyo, ilijulikanaje kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu, ilhali hakuna aliyewalazimisha watu kuvuta kwa majaribio? Na kipimo r kikiwa sifuri, ina maana vitu viwili havihusiani kabisa?

JIBU: Nianze na la pili kwa kuwa ni fupi. Kipimo r, kinachoanzia -1 hadi 1, hupima jinsi data zinavyojipanga kwenye mstari ulionyooka. Chukua x ya -2, -1, 0, 1 na 2, na y ambayo ni kipeo cha pili cha kila moja: 4, 1, 0, 1 na 4. Ukijua x unaijua y bila shaka yoyote, na bado r ni sifuri kamili, kwa sababu mchoro wake ni mkunjo, si mstari. Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alitunga seti nne za data, kila moja ikiwa na jozi 11, zenye wastani uleule na r ya takriban 0.82 zote nne. Ukizichora, moja ni mstari wenye mtawanyiko wa kawaida, moja ni mkunjo, moja ni mstari ulionyooka uliovurugwa na nukta moja, na katika ya nne uhusiano wote unatokana na nukta moja iliyokaa peke yake mbali. Chora kwanza, kisha kokotoa.

Kuhusu sigara, tatizo la msingi ni kwamba vitu viwili vinaweza kwenda pamoja kwa sababu cha kwanza kinasababisha cha pili, au cha pili kinasababisha cha kwanza, au kitu cha tatu kinavisababisha vyote viwili. Jaribio lenye mgawanyo wa nasibu huikata njia ya tatu, maana bahati ndiyo inayoamua nani apate nini. Pale jaribio lisipowezekana, njia hizo nyingine ni lazima zifungwe moja baada ya nyingine kwa ushahidi wa aina tofauti.

Watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha mwaka 1950 ulinganisho wa wagonjwa wa saratani ya mapafu na wagonjwa wengine katika hospitali za Uingereza, na wavutaji wakaonekana kuwa wengi zaidi katika kundi la kwanza. Wangeweza kupingwa kwamba wagonjwa hukumbuka vibaya, kwa hiyo kuanzia mwaka 1951 waliwafuatilia maelfu ya madaktari waliotaja tabia zao za uvutaji kabla ya kuugua, na vifo vikafuata mpangilio uleule. Kadiri mtu alivyovuta zaidi ndivyo hatari ilivyopanda, na kwa walioacha ilipungua. Fisher, yuleyule wa 0.05, alipinga mpaka mwisho wa maisha yake, akisema huenda kuna urithi wa kibiolojia unaomfanya mtu apende sigara na unaomletea saratani pia. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Ni ile njia ya tatu. Lakini mwaka 1959 Jerome Cornfield na wenzake walionyesha kwa hesabu kwamba ikiwa wavutaji wana hatari mara tisa ya wasiovuta, basi kitu hicho kilichojificha ni lazima kiwe kimeenea miongoni mwa wavutaji angalau mara tisa zaidi ya kilivyo kwa wengine, na hakuna aliyeweza kukionyesha kitu cha namna hiyo.